Kuchomelea Plastiki kwa Kudunga: Kiungo Kinachoanzia Ndani

Plastiki hazifanani zinapokutana na moto, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua iwapo kifaa kilichopasuka kitaungwa tena au kitatupwa. Ziko themoplastiki, yaani plastiki zinazolainika na kuyeyuka zinapopashwa joto, kisha zikaganda upya zinapopoa. Humo mna poliethilini ya matangi ya maji na madumu, polipropilini ya bampa za magari na makasha ya betri, na PVC ya mabomba. Ziko pia themoseti, ambazo minyororo ya molekuli zake ilifungamanishwa moja kwa moja zilipotengenezwa, kiasi kwamba joto huziunguza bila kuziyeyusha, kama mkate uliookwa usivyoweza kurudi kuwa unga. Kuchomelea kunahusu themoplastiki peke yake.

Poliethilini, iliyogunduliwa mwaka 1933 katika maabara ya kampuni ya ICI huko Northwich, Uingereza, ni mfano mzuri wa kueleza haja ya kuchomelea, kwa sababu uso wake haukubali gundi. Gundi ya kawaida haienei vizuri juu yake wala haipati cha kushika, ndiyo maana kiraka kilichobandikwa kwenye tangi hubanduka baada ya muda, jua na uzito wa maji vikishasaidiana kukivuta. Njia ya uhakika ni kuyeyusha pande mbili za ufa pamoja na plastiki ya kujazia, ili minyororo ya molekuli za upande mmoja ipenye katika ile ya upande wa pili na kusukana nayo kabla haijaganda. Kusukana huko kunahitaji mambo matatu kwa wakati mmoja, nayo ni joto la kutosha, mgandamizo, na muda. Likikosekana moja, kinachobaki ni plastiki iliyolala juu ya plastiki.

Mafundi wa mitaani katika Afrika Mashariki wamekuwa wakiziba mabeseni na madumu kwa chuma kilichopashwa moto na vipande vya plastiki chakavu, na ufundi huo una msingi wa kweli, kwani unayeyusha pande zote mbili. Udhaifu wake ni kwamba joto halipimwi, hivyo uso huungua huku sehemu ya ndani ikibaki baridi. Kipulizaji cha hewa ya moto kinadhibiti joto vizuri zaidi, lakini nacho huanzia usoni, na oksijeni iliyomo katika hewa hiyo hushambulia plastiki iliyoyeyuka na kuidhoofisha hasa mahali panapotakiwa kuungana.

Mashine ya mkononi ya kuchomelea kwa kudunga imebuniwa ili kuukwepa udhaifu huo. Ufito wa plastiki wa unene maalumu huingizwa kwa nyuma, hupita katika mwili wa mashine hadi kwenye chumba kidogo chenye joto linalodhibitiwa, na fundi anapobonyeza kitufe husukumwa mbele, mara nyingi kwa nguvu ya hewa ya kompresa, hadi plastiki iliyoyeyuka itoke kwenye ncha ya chuma. Ncha yenyewe ni ya moto, na fundi haipitishi juu ya ufa bali huizamisha ndani yake, ikayeyusha kuta za ufa chini ya uso wakati uleule inapodunga plastiki mpya kwa shinikizo. Hewa haipati nafasi ya kutosha ya kuingia kati, na mgandamizo, ambao katika njia nyingine hutegemea mkono wa fundi, hapa hutoka kwenye mashine. Poliethilini nzito huyeyuka karibu na nyuzi 130 za Selsiasi na polipropilini karibu na 165, lakini ncha huwekwa juu zaidi ya viwango hivyo, kwa sababu kuta za ufa huendelea kuvuta joto muda wote wa kazi.

Mashine hii, hata hivyo, haimwondolei fundi maandalizi, na ni katika maandalizi ndipo viungo vingi huharibika. Tangi lililopasuka humwagwa maji, hukaushwa kabisa, na tundu dogo hutobolewa kila mwisho wa ufa ili usiendelee kukimbia. Kisha kingo huchongwa mfano wa herufi V, na uso wa pembeni hukwanguliwa hadi plastiki isiyochakaa ionekane, kwa kuwa tabaka lililopigwa na jua kwa miaka limekwisha kushambuliwa na oksijeni na halichanganyiki na lingine. Kukwangua huku hufanywa muda mfupi kabla ya kuchomelea. Baada ya hapo kiungo huachwa kipoe chenyewe. Kukimwagia maji ili kuharakisha kazi huifanya plastiki ijikunyate bila ulinganifu, na mvutano unaobaki ndani huzaa ufa mpya kando ya ule wa zamani.

Ufito lazima uwe wa plastiki ileile, kwani poliethilini na polipropilini, ingawa hufanana kwa macho na zote huelea majini, hazishikani zikichomelewa pamoja. Alama ya pembetatu husaidia, ambapo namba 2 na 4 ni za poliethilini, 3 ni ya PVC na 5 ni ya polipropilini. Pasipo alama, fundi huchomelea ufito kwenye pembe isiyo na kazi, huuacha upoe, kisha huuvuta: ukibanduka mzima, haukuwa wa aina hiyo. Kwa tangi la maji ya kunywa, ufito uwe wa plastiki safi inayoruhusiwa kugusa chakula.

PVC ikizidishiwa joto hutoa gesi ya kloridi ya hidrojeni inayochoma macho na mapafu, kwa hiyo haifai kuchomelewa pasipo na hewa ya kutosha, na tangi lililowahi kubeba petroli lisiguswe kwa ncha ya moto kabla ya kusafishwa na wenye utaalamu huo. Mabomba ya gesi na ya maji yenye shinikizo kubwa nayo yasizibwe kwa mashine hii. Hayo yana mitambo yake ya kuunganisha na taratibu zake za kupimwa, na ufa wake hutibiwa kwa kukata kipande kibovu na kuweka kingine.