Kuwatafuta Bibi Zetu katika Nyaraka za Unguja

Wengi wetu tulioko Maskati, Dubai au London tumeachiwa na wazee shajara ya ukoo: fulani bin fulani bin fulani, mpaka kwa babu aliyeteremka jahazini Unguja. Karatasi hiyo ni hazina, lakini ina pengo. Wanaume wametajwa vizazi saba au vinane. Mama zao hawamo. Nyaraka za zamani zinaweza kuliziba pengo hilo kwa anayejua pa kutazama.

Anza nyumbani. Kaa na wazee uwaulize majina ya bibi zako, mtaa waliokaa, shamba la ukoo na dhehebu lao. Jina peke yake halitoshi, kwani mjukuu hupewa jina la babu yake, na Salim bin Said wa hati moja huenda si yule wa hati nyingine. Mtaa, shamba au jina la utani ndivyo vitakavyowatenganisha.

Kisha nenda Nyaraka za Taifa, Kilimani, Unguja. Humo mna hati za mauzo na rehani, mirathi na kesi za makadhi. Palikuwa na kadhi wa Kiibadhi na kadhi wa Kishafii, basi tazama kote kuwili. Hati ya shamba hutaja mipaka yake minne pamoja na majirani, na mara nyingi jirani ni ndugu au mkwe. Hati za wakfu zina faida zaidi. Mwenye kuweka wakfu hutaja watakaonufaika: wanawe wa kiume na wa kike, pengine mkewe, pengine na watumwa aliowaacha huru. Hapo ndipo majina ya wanawake yanapoanza kuonekana.

Angalia tarehe. Mwaka 1314 wa Hijria, kwa mfano, ulianza Juni 1896 na ukesha mwanzoni mwa Juni 1897. Asiyekuwa na mwezi hawezi kujua ni mwaka gani wa Miladi.

Sasa tuje kwenye jambo linalowafanya wengine wafunge faili. Huenda ukamkuta bibi yako hana nasaba wala kabila, ila jina kama Zafarani au Faida, na jina la bwana wake. Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuondoa hali ya utumwa kisheria tarehe 6 Aprili 1897. Aliyetaka uhuru alikwenda mahakamani, na bwana wake aliweza kudai fidia, kwa hiyo majina yaliandikwa. Lakini masuria waliachwa nje ya amri hiyo mpaka 1909. Ndiyo maana suria huenda asionekane katika orodha za walioachwa huru, bali katika mirathi na wakfu, akitajwa kuwa mama wa watoto.

Hilo si la kufichwa. Katika sharia, mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake ni huru, na hurithi sawa na ndugu zake. Watoto wa Sayyid Said waliobaki hai alipofariki 1856 walizaliwa na masuria. Binti yake Sayyida Salme, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani 1886, alieleza wazi kuwa mama yake alikuwa suria wa Kicherkesi.

Ukipata hati, andika namba ya faili, nakili majina kama yalivyo, usiyasahihishe. Na kama kuna karatasi za zamani sandukuni kwenu, zipige picha kabla mchwa hawajazifikia. Walioko Oman wanaweza kuzipeleka kwenye Mamlaka ya Nyaraka na Mahfudhati ya Taifa, Maskati, ambayo hupokea pia nyaraka za watu binafsi.

Kisha fungua shajara ya babu, na pembeni ya kila jina la baba uandike la mama.