Jinsi Maamuzi Madogo Yanavyougawa Mji

Mtu aonapo mji ambamo watu wa aina moja wanakaa upande mmoja, na wa aina nyingine upande wa pili, huelekea kuamini kwamba wenyeji wanachukiana, au kwamba kuna mamlaka iliyowatenga. Je, yawezekana utengano huo ukatokea bila mtu yeyote kuukusudia? Swali hilo lilichunguzwa na Thomas Schelling, mwanauchumi wa Marekani, katika makala aliyoichapisha mwaka 1971. Vifaa vyake vilikuwa sarafu za aina mbili na karatasi yenye miraba.

Mtendaji na kanuni yake

Mfumo tata ni mkusanyiko wa sehemu nyingi zinazoathiriana, kama vile mji, soko au kichuguu cha mchwa. Njia mojawapo ya kuuchunguza ni kutunga kielelezo ambamo kila mshiriki, aitwaye mtendaji, hupewa kanuni ya uamuzi. Kanuni hiyo hueleza mambo mawili: mtendaji anaona nini, na akiisha kuona anafanya nini. Hakuna mtendaji auonaye mfumo mzima, wala kiongozi anayewapanga.

Jaribio la darasani

Chukua ubao wa drafti wenye miraba 64, punje 22 za mahindi na punje 22 za maharage. Zitawanye ovyo, punje moja katika kila mraba. Miraba 20 itabaki wazi. Kila punje ni kaya. Majirani zake ni punje zote zilizo katika miraba inayoizunguka, nao hawazidi 8.

Kanuni ni hii: kaya hutosheka ikiwa zaidi ya thuluthi moja ya majirani zake ni wa aina yake, au ikiwa haina jirani kabisa. Isipotosheka, huhamia mraba wazi ulio karibu utakaoitosheleza. Endelea na kaya moja baada ya nyingine mpaka asiwepo mwenye haja au nafasi ya kuhama.

Kanuni hii si ya chuki. Kaya ya mahindi yenye majirani 8 hutosheka hata kama 5 kati yao ni maharage. Hata hivyo, mara nyingi ubao huishia kugawanyika katika makundi ya mahindi matupu na ya maharage matupu.

Sababu yake ni mfuatano wa athari. Tuseme kaya ya mahindi ina majirani 5, na 2 kati yao ni mahindi, imetosheka. Jirani mmoja wa mahindi akihama, hubaki na majirani 4, na wa aina yake ni 1 tu, yaani robo. Sasa nayo yapaswa kuhama, na kuhama kwake huwapunguzia wengine. Kila mmoja hujiamulia lake, lakini uamuzi wake hubadili hali ya jirani.

Mipaka ya kielelezo

Kielelezo hiki hakithibitishi kwamba miji yote iligawanyika kwa njia hii. Schelling mwenyewe alitambua kwamba utengano huletwa pia na hatua za makusudi na tofauti za kipato. Nchini Marekani ubaguzi katika makazi ulikuwa wa wazi, hata ikapitishwa sheria ya kuukataza mwaka 1968. Kielelezo huonyesha liwezekanalo; lililotokea hasa hutafutwa katika ushahidi wa mji wenyewe.

Hata hivyo funzo lake ni zito: sura ya jumuiya haitoshi kufichua nia ya kila mwanajumuiya, wala upole wa kila mmoja haudhamini mchanganyiko wa wote. Mwaka 2005 Schelling alishiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi yake pana kuhusu migogoro na ushirikiano.

Maswali

1. Rudia jaribio ukidai nusu ya majirani badala ya zaidi ya thuluthi. Kuna tofauti gani?
2. Miraba wazi ikipunguzwa hadi 6, kuhama kunakuwaje?
3. Tunga kanuni itakayofanya punje zibaki zimechanganyika.