Uzee si ugonjwa: Mafunzo ya afya kutoka kwa maisha ya Mzee Ojwang'

Na Daktari Wetu

KATIKA mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Kaloleni na Makongeni hadi Jericho na Buru Buru, ni vigumu kumpata mtu wa makamo asiyemjua Mzee Ojwang' Hatari. Katika miaka ya 1980 nchi ilikuwa na kituo kimoja tu cha televisheni, Sauti ya Kenya, na nyumba zenye runinga zilikuwa chache. Watoto walijazana kwa jirani, wengine wakichungulia dirishani, ili wamwone mzee huyo akikivuruga Kiswahili na kugombana na Mama Kayai katika Vitimbi.

Jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau. Alizaliwa mwaka wa 1937 na akafariki Julai 12, 2015, katika Hospitali Kuu ya Kenyatta akiwa na umri wa miaka 78. Mengi yameandikwa kuhusu ucheshi wake. Ukurasa huu ni wa afya, na leo ningependa tuyatazame maisha yake kwa jicho la daktari, kwa sababu mambo mawili yaliyomsumbua uzeeni ndiyo yanayowasumbua wazazi wetu wengi: macho na kifua.

MWILI NDIO JEMBE LAKE

Watazamaji wengi waliamini kwamba mzee huyo alikuwa Mjaluo. Wanjau alikuwa Mkikuyu. Lafudhi ile iliyotuvunja mbavu ilikuwa kazi ya sikio makini na ulimi uliofanya mazoezi kwa miaka mingi. Mbali na Vitimbi, alionekana pia katika michezo mingine ya kituo hicho kama vile Darubini na Vioja Mahakamani. Mwenzake wa karibu alikuwa Mary Khavere, ambaye umma ulimjua kama Mama Kayai, na walivyozoeana kwenye skrini, wengi walidhani ni mume na mke hata nyumbani.

Sauti ya Kenya iligeuka kuwa KBC mwaka wa 1989, na mwaka uliofuata KTN ikaanza kurusha matangazo. Vituo vikaongezeka, lakini Mzee Ojwang' aliendelea kupendwa.

Fundi cherehani wa Gikomba akiugua, cherehani yake inabaki na inaweza kushonewa na mwingine. Mwigizaji hana chombo kingine ila mwili wake. Anahitaji macho ya kusoma maneno yake na kuona ishara za wenzake, na pumzi za kutosha kutoa sauti. Mwili ukidhoofika, kazi inasimama na mapato yanasimama pia.

MACHO YALIPODHOOFIKA

Mwaka wa 2012 Wakenya walishtuka kusikia kwamba macho ya Mzee Ojwang' yalikuwa yakimsumbua vibaya na kwamba alihitaji msaada wa matibabu. Wananchi wakafanya kile wanachokijua: wakachanga pesa. Ulikuwa moyo wa shukrani kwa mtu aliyewachekesha tangu utotoni.

Sikuwa daktari wake, kwa hivyo sitazungumzia jicho lake. Nitazungumzia ya wazee tunaowaona katika zahanati za Eastlands kila juma. Mzee huletwa na mjukuu akiongozwa kwa mkono. Ukiuliza ni lini alianza kutoona vizuri, jibu ni moja: "Daktari, ni uzee tu."

Uzee si ugonjwa. Giza la macho lina jina, na mara nyingi lina tiba.

La kwanza ni mtoto wa jicho. Lenzi iliyo ndani ya jicho hupata ukungu, mtu akaona kama anayetazama kupitia kioo chenye mvuke. Huu ndio ugonjwa unaoongoza kwa kuleta upofu duniani, nasi Kenya hatukusazwa. Hauponi kwa matone wala miwani. Tiba ni upasuaji mdogo ambao mara nyingi huchukua chini ya nusu saa. Jicho hutiwa ganzi, lenzi iliyoharibika hutolewa na nyingine ya bandia kuwekwa. Wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

La pili ni glakoma, yaani presha ya jicho. Huyu ni mwizi wa usiku. Hakuna maumivu katika aina iliyo ya kawaida, na mtu hupoteza uwezo wa kuona pembeni kidogo kidogo bila kujua. Kilichopotea hakirudi, lakini matone yakitumiwa kila siku huokoa kilichobaki. Iwapo mzazi au ndugu yako ana ugonjwa huu, hatari yako ni kubwa zaidi. Kila aliyefikisha miaka 40 anafaa kupimwa.

La tatu ni kisukari, ambacho huharibu mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho. Mwenye kisukari apimwe macho kila mwaka, hata kama anaona vizuri.

Jaribu hili leo nyumbani. Mwambie mzazi wako afunike jicho moja kwa kiganja, asome namba ya matatu inayopita au maandishi ya kalenda ukutani, kisha abadilishe jicho. Watu wengi hawajui kwamba jicho moja limekufa, kwa sababu lile zima hulifichia mwenzake aibu.

Nawasihi wasomaji waache kununua matone ya macho dukani bila kupimwa. Baadhi yake yana dawa aina ya steroidi ambayo ikitumiwa kwa muda mrefu inaweza kuleta presha ya jicho na mtoto wa jicho. Maziwa, chai na maji ya mitishamba pia si dawa ya macho.

KIFUA NA BARIDI YA JULAI

Ilitangazwa kwamba kabla ya kifo chake Mzee Ojwang' alikuwa akiugua nimonia. Ilikuwa Julai, mwezi ambao kila mkazi wa Nairobi anaujua kwa baridi yake.

Baridi yenyewe si mdudu. Lakini msimu huu watu hujifungia ndani, madirisha hufungwa na virusi vya mafua huambukizana kwa urahisi. Kwa kijana, mafua hupita. Kwa mzee, hasa mwenye kisukari, ugonjwa wa moyo au aliyevuta sigara miaka mingi, mafua yanaweza kufungua mlango wa nimonia.

Kinachoponza familia nyingi ni kungoja joto la mwili lipande. Mzee anaweza kuwa na nimonia kali bila homa. Badala yake hukataa chakula, husinzia mchana, huanguka chooni, au huanza kusema mambo yasiyoeleweka. Jamaa husema amechanganyikiwa kwa uzee, kumbe mapafu yamejaa.

Hesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima akiwa ametulia. Mtu mzima kwa kawaida hupumua kati ya mara 12 na 20. Zikizidi hapo, mpeleke akaonwe siku hiyo. Zikifika 30, au midomo ikibadilika rangi, hiyo ni dharura. Usingoje asubuhi.

Kikohozi kilichodumu wiki mbili nacho kipimwe kifua kikuu. Dawa za ugonjwa huo hutolewa bila malipo katika hospitali za serikali, na mgonjwa wa kawaida hupona akizimeza kwa miezi sita bila kukatiza.

Jambo jingine ni jiko la makaa. Wengi huliingiza ndani usiku ili kujikinga na baridi. Moshi wake huumiza mapafu, na gesi yake isiyo na harufu huua watu wakiwa usingizini. Toa jiko nje, uvae sweta mbili.

HARAMBEE HUJA IKIWA IMECHELEWA

Waigizaji wengi hulipwa kwa kila kipindi wanachorekodi, sawa na vibarua wa Industrial Area, makanga na mama mboga wanaotegemea mapato ya siku. Hawana mwajiri wa kuwakatia bima. Ugonjwa ukiingia, tegemeo ni mchango wa jamaa na majirani.

Harambee ni tendo jema, lakini ina kasoro mbili. Kwanza, huitishwa baada ya ugonjwa kukomaa. Pili, humfaa zaidi mwenye jina. Mzee Ojwang' alijulikana nchi nzima. Je, fundi mstaafu wa Mbotela ambaye macho yake yanafifia atachangiwa na nani?

Tangu Oktoba 2024, bima ya NHIF imechukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Asiye na mshahara hulipa kulingana na mapato ya nyumba yake, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Wengi wana malalamiko kuhusu mpango huo, na baadhi ni ya haki. Hata hivyo, jiandikishe na uwaandikishe wazazi wako wakiwa wazima. Kabla ya upasuaji, uliza hospitali ni gharama gani zinazolipwa na zipi utajilipia.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wazee wetu hawafichi kwa kiburi. Wengi huficha kwa sababu hawataki kuwatia watoto wao gharama. Basi usingoje mzazi alalamike. Jumamosi hii mpeleke apimwe macho, presha na sukari. Na akikohoa usiku wa Julai, amka umsikilize anavyopumua.