Kahawa Isiyo Kahawa: Tuliyoyaona Katika Vilabu vya Johannesburg

Swali tuliloulizwa na kila mtu tuliporudi, wakiwemo walimu wawili ambao hatutawataja, lilikuwa moja tu: "Mlivuta?" Hatukuvuta. Aliyetarajia masimulizi ya moshi aruke kurasa hizi aende moja kwa moja kwenye mashairi. Tulichokifuata katika vilabu vya bangi vya Johannesburg ni maneno, na huo ndio mzigo tuliorudi nao, maana forodha hawaukamati.

Habari za Amsterdam wengi wetu tulikuwa tumezisikia. Uholanzi iliamua mwaka 1976 kuwafumbia macho watumiaji wa bangi, na baadaye maduka yake yakawekewa masharti: mteja asiuziwe zaidi ya gramu 5, wala tangazo lisibandikwe. Maduka hayo huitwa coffeeshop, na mgeni anayetaka kahawa hasa huelekezwa kwingine. Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji mfasiri hapo. Kwetu trafiki akiomba chai hakuna anayekwenda kuchemsha maji.

Johannesburg hawasemi coffeeshop. Wanasema kilabu, tena cha wanachama peke yao. Tulicheka kidogo, kwa kuwa Kiswahili kilishatangulia: kwetu tangu zamani kilabuni ndiko kunakouzwa komoni na mbege. Lakini neno hilo kule halikuchaguliwa kwa mzaha. Limechaguliwa na wanasheria, na ili kulielewa ilitubidi kupanda kilima cha Braamfontein kwanza, hadi Constitution Hill.

Mahakama ya Katiba imejengwa palepale lilipokuwa gereza la Number Four, walikofungwa maelfu ya Waafrika, wengi wao kwa kosa la kutembea bila pasi. Gandhi alifungwa katika gereza hilo. Matofali ya jengo la mahabusu lililobomolewa yametumika kujengea ukumbi wa mahakama, na jina la mahakama limeandikwa mbele kwa lugha kumi na moja. Hapo ndipo tarehe 18 Septemba 2018 Jaji Raymond Zondo aliposoma hukumu ambayo majaji wote waliafikiana: mtu mzima ana haki ya kutumia bangi, kuwa nayo na kuipanda, mradi iwe faraghani na kwa matumizi yake mwenyewe. Msingi wake ulikuwa kifungu cha 14 cha Katiba, kinacholinda faragha. (Mwezi huohuo Waziri wa Elimu ya Msingi, Angie Motshekga, alitangaza kwamba Kiswahili kitafundishwa kama somo la hiari katika shule za nchi hiyo. Wageni wawili kutoka pande zetu, tukaambiana, waligongewa mhuri mwezi mmoja.)

Aliyeifikisha kesi hapo anastahili kusimuliwa kuliko vilabu vyote tulivyoviona. Gareth Prince ni Mrasta aliyesoma sheria akahitimu. Chama cha wanasheria cha Cape kikakataa kumsajili aanze mafunzo ya uwakili, kwa sababu alikuwa amepatikana na hatia ya kuwa na bangi mara mbili na hakuficha kwamba ataendelea, kwani kwake ni ibada. Alikwenda Mahakama ya Katiba; mwaka 2002 akashindwa kwa majaji watano dhidi ya wanne. Akaenda Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, akashindwa. Akaenda Umoja wa Mataifa, mwaka 2007 akashindwa tena. Aliporudi mahakamani hakudai tena haki ya dini. Safari hii hoja iliyomshindia ilikuwa ya faragha, na kwa hoja hiyo mlango ukafunguka kwa kila mtu mzima, mwenye dini na asiye nayo. Walimu wetu wa isimu hutuambia kwamba kuchagua neno ni kuchagua njia. Prince alilipia somo hilo kwa takribani miaka ishirini.

Sasa turudi kwenye kilabu. Neno faragha halikuruhusu biashara. Sheria ya bangi kwa matumizi binafsi, aliyoitia saini Rais Ramaphosa tarehe 28 Mei 2024, inamruhusu mtu mzima kumpa mwenzake bangi bila malipo. Kuuza ni kosa. Kilabu kimoja cha Cape Town kilijitetea kwamba kinawalimia tu wanachama wake miche iliyo mali yao, na mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Western Cape ikaikataa hoja hiyo. Hata hivyo tulipopita Melville na Braamfontein, misalaba ya kijani ilikuwa imening'inia juu ya milango kama ya maduka ya dawa.

Tuliingia katika kimoja cha Melville. Kengele, mlango wa chuma, meza, fomu. Unaonyesha pasipoti, unatia saini kwamba umefikisha miaka 18, unalipa kiingilio, na papo hapo umekuwa mwanachama, kwa kasi ambayo mweka hazina wa chama chetu angeionea wivu. Ndani kuna mitungi ya kioo yenye majani, kila mmoja na kibao cha jina na kiasi cha randi kwa gramu. Kiasi hicho hakiitwi bei. Kinaitwa mchango. Tulimsikia kijana wa kaunta akimsahihisha mteja aliyethubutu kuuliza "bei gani". Wateja wenyewe, samahani, wanachama, hawakufanana na watu wa vijiweni tuliowazoea: mwanamume wa suti akiangalia saa, wanafunzi wawili wakihesabu chenji, na bibi wa Kizungu aliyekuja kutafuta mafuta ya kupaka magoti.

Majina ndiyo yaliyotuchelewesha humo. Wazulu huita insangu. Dagga, ambayo Makaburu huitamka kama "dakha", ilitoka kwa Wakhoikhoi. Washona husema mbanje, na hapo sikio la Mswahili hushtuka, kwa kuwa ni ndugu wa bangi yetu, iliyovuka bahari kutoka India. Juu ya mitungi hatukuona hata moja ya majina hayo. Vibao vyote vilikuwa vya Kiingereza cha California.

Mlinzi wa mlangoni ndiye aliyetusikia tukibishana, akauliza kwa Kiswahili cha Tanga kama tumetoka nyumbani. Ni mtu wa Muheza, anaishi Yeoville kwa miaka mingi sasa. Tulimwita kaka, naye akatuita wadogo zake na kutukataza tusinunue kitu. "Hawa wana pa kukimbilia," alisema. "Nyinyi mkisimamishwa na polisi hapo kona, watauliza bangi au pasipoti? Vyote." Kisha akatueleza, bila sisi kumwuliza, kwamba mdogo wake yuko gerezani Tanzania kwa misokoto ambayo isingejaza kiganja, na kwamba pesa za kumpelekea mahitaji hutoka kwenye mshahara wa kulinda mlango ule. Hakulalamika. Alisema kama mtu anayesoma ratiba ya basi.

Tuliondoka tukiwaza ni nani hasa aliyefunguliwa mlango. Katika mabonde ya Pondoland, Eastern Cape, familia zimelima mmea huu vizazi na vizazi, na hadi miaka ya karibuni polisi walikuwa wakiwanyunyizia mashamba dawa ya kuua magugu kwa helikopta. Leo bangi ya mitungini hukuzwa ndani ya majengo, chini ya taa na viyoyozi, na wenye mtaji. Ya Pondoland inaonekana ya kishamba. Hatudai kwamba Arumeru na Tarime wakiruhusiwa kesho mambo yatakuwa mazuri, maana tumeona wenzetu wa chuo walioharibikiwa na moshi, na tungependa madaktari wasikilizwe kabla ya wafanyabiashara. Lakini mjadala wa kwetu ukianza, nao utaanza, tungependa pia uanze na watu wa aina ya yule mdogo wake mlinzi.

Mlinzi alitusindikiza hadi kituo cha teksi. Alituuliza vilabu vile viitwe nini kwa Kiswahili, kwani mama yake humwuliza anafanya kazi wapi. Mmoja wetu akapendekeza kijiwe, mwingine baraza. Akatikisa kichwa. Mama yake, alisema, alishamwambia kwamba yuko duka la dawa.