Jua lao, mvua yetu

Mwishoni mwa Septemba, majani yanapoanza kupukutika Ulaya, barabara kuu za Ufaransa na Hispania hujaa magari ya aina moja: marefu, meupe, yenye kitanda, jiko na choo humohumo. Ndani mara nyingi wamo watu wawili, mume na mke waliostaafu, waliofunga nyumba yao Ubelgiji, Uholanzi au Ujerumani na kushika njia ya kusini kutafuta jua. Wengine huishia Andalusia, wengine Algarve kule Ureno. Wenye moyo zaidi hupanda kivuko Algeciras, wakavuka hadi Moroko na kuegesha gari-nyumba lao karibu na Agadir mpaka Machi.

Nani atawalaumu? Tarehe 21 Desemba mchana wa Brussels hautimizi hata saa 8, na jua la adhuhuri hupanda nyuzi 16 tu kutoka upeo wa macho, tena likibahatika kupenya mawingu. Siku hiyohiyo Agadir jua hufika nyuzi 36 na mbingu mara nyingi haina wingu.

Ila kwa mtu anayekaa Kamina, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, swali ni jingine: mbona wanaishia Agadir? Kama wanachofuata ni jua, jua lenyewe halipo huko. Lilikwisha kuvuka ikweta tarehe 22 au 23 Septemba, na ikifika katikati ya Oktoba liko juu ya vichwa vyetu hapa Haut-Lomami.

Asiyesadiki apime mwenyewe. Kamina iko karibu nyuzi 8.7 kusini mwa ikweta. Tarehe 16 Oktoba hivi, chomeka kijiti uani, kisimame wima kabisa. Funga jiwe kwenye uzi ulininginize kando yake ili uhakikishe hakikuinama. Subiri. Dakika chache baada ya saa sita mchana kivuli hujikusanya kwenye shina la kijiti, kisha hukioni tena. Jambo hilo hujirudia karibu tarehe 26 Februari, jua likiwa njiani kurudi kaskazini. Kati ya siku hizo mbili jua la adhuhuri halitoki mbali na utosi. Hata Desemba 21 liko nyuzi 75. Mwezi wa Juni ndipo linapoinama, nyuzi 58.

Kwa hesabu hiyo, Oktoba hadi Februari Kamina ingekuwa peponi kwa wastaafu wa Ubelgiji. Lakini kila anayelima mahindi hapa anajua kwamba miezi hiyo ni ya mawingu, radi na matope. Anga letu lisilo na mawingu ni la Mei hadi Septemba, wakati jua limetuacha likaenda kwa wenzetu. Jua la utosini huja na pazia lake.

Pazia hilo linatengenezwa hivi. Jua likisimama wima, ardhi hupata joto jingi, nayo huipasha hewa iliyo juu yake. Hewa yenye joto ni nyepesi, hupanda. Ikipanda hupoa, kama nyuzi 10 za Selsiasi kwa kila kilomita, mpaka mvuke uliomo ugeuke matone. Hapo ndipo wingu huzaliwa, na hapo ndipo watu wengi hudhani habari imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza. Mvuke ukigeuka maji huachia joto lile lililotumika kuuvukiza kutoka baharini, msituni na mashambani. Lita moja ya maji ya mvua, kabla haijaanguka, imeiachia hewa joto linalotosha kuchemsha lita 7 za maji ya bomba. Sasa mvua ya milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Mvua moja nzuri ya Novemba ikileta milimita 40, fanya hesabu kwa uwanja wa mpira mmoja tu. Joto hilo huisukuma hewa ipande zaidi, hadi kilomita 15 au 16, na chini nafasi yake hujazwa na hewa nyingine yenye unyevu inayovutwa kutoka kaskazini na kusini.

Lakini iliyopanda haiwezi kukaa juu milele. Huko kileleni hujitandaza kuelekea kaskazini na kusini, ikipoteza joto polepole, na inapofika karibu nyuzi 25 hadi 30 za latitudo huanza kushuka. Hewa inayoshuka hubanwa, na inayobanwa hupata moto: zile nyuzi 10 kwa kilomita hurudi. Maji yake yalikwisha kumwagika huku kwetu, kwa hiyo inashuka kavu, na wingu likijaribu kuota chini yake hunyauka. Jangwa la Sahara liko hapo. Agadir iko hapo pia, nyuzi 30 kaskazini.

Mmoja wa watu wa mwanzo kueleza mzunguko wa namna hii alikuwa George Hadley, mwanasheria wa London aliyependa mambo ya hali ya hewa. Mwaka 1735 alitaka kujua kwa nini pepo za biashara zilizosukuma merikebu huvuma zikielekea magharibi badala ya kwenda moja kwa moja ikweta. Vipande vya maelezo yake vilikuja kusahihishwa, lakini mzunguko wenyewe unabeba jina lake hadi leo. Na una tabia moja ambayo kwetu ina uzito: hauko sawa pande zote mbili. Kuanzia Desemba hadi Februari, mkono wenye nguvu ni ule unaopanda kusini mwa ikweta, katika latitudo zetu hizi, na kushuka kaskazini.

Kwa hiyo vijarida vya utalii vinapoandika juu ya jua la Agadir kana kwamba ni mali ya pwani ile peke yake, mimi hucheka kidogo. Sehemu ya jua lile inatengenezwa katika mvua ya Kamina, Bukama na Malemba-Nkulu. Sisemi kwamba hewa iliyopanda juu ya soko letu leo utaipokea Agadir wiki ijayo. Pepo za juu huizungusha dunia nzima, na bahari baridi ya Atlantiki na milima ya Atlas nazo zina kazi yao kule. Nasema ni mtambo mmoja. Pasingekuwa na mahali hewa inapopandia na kunyesha, pasingekuwa na mahali inaposhukia ikiwa kavu.

Wapo wasafiri wengine wanaoondoka Ulaya katika msimu uleule, wakawapita wastaafu wale juu kwa juu bila kusimama. Mbayuwayu ana uzito wa gramu 20 hivi, na kutoka Brussels hadi Kamina ni karibu kilomita 6,900 kwa mstari ulionyooka, ambao yeye haufuati. Anaivuka Sahara yote, pale penye jua lisilo na doa, kwa sababu kwake jua lisilo na doa ni meza tupu. Anakuja hewa inapopanda. Penye mvua pana majani, penye majani pana wadudu.

Ukitaka kuliona hili kwa macho, ngoja mvua kubwa ya kwanza, halafu jioni yake usimame karibu na kichuguu. Kumbikumbi hutoka matunduni mmoja mmoja, kisha kumi kumi, kisha kama moshi. Watoto wameshaandaa taa na beseni la maji. Juu yao, kozi mwembamba mwenye mbawa kama mundu, ambaye huenda alilelewa kwenye msonobari wa Ujerumani, hupita katikati ya kundi, humdaka kumbikumbi kwa mguu, huukunja mguu hadi mdomoni na kula akiwa hewani. Mabawa ya kumbikumbi hudondoka taratibu. Anarudia tena na tena mpaka giza liingie, bila kutua.

Kwamba ndege hawa husafiri ni jambo lililobishaniwa sana. Kuna Wazungu walioamini kwamba mbayuwayu hulala kwenye tope la mabwawa mpaka baridi ipite. Mwaka 1822, karibu na Klütz huko Ujerumani, aliuawa korongo mweupe aliyekuwa na mshale shingoni, wa urefu wa karibu sentimita 80, wa mti wa Afrika. Mwindaji fulani wa huku alimlenga, akampata, na ndege akarudi kwao na ushahidi mwilini. Bado yupo, amekaushwa, Chuo Kikuu cha Rostock. Baadaye zikaja pete za miguuni: mbayuwayu aliyevishwa pete Staffordshire, Uingereza, Mei 1911 alipatikana Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912.

Lakini je, wanakimbia baridi? Hapa kekeo hutoa jibu zuri. Shirika la utafiti wa ndege la Uingereza, BTO, lilianza mwaka 2011 kuwafungia kekeo vifaa vidogo vya setilaiti, likagundua kwamba wengi wao hukaa misimu ya baridi ya Ulaya katika bonde la Kongo. Lililoshangaza wengi ni tarehe za kuondoka. Kekeo wakubwa wengi huiacha Uingereza mwezi wa Juni, mchana ukiwa mrefu kuliko wakati wowote wa mwaka. Mayai wamekwisha kuyatupia viota vya wenzao, hawana watoto wa kulea, wanasubiri nini? Hakuna jua walilolikosa.

Na suala la mume na mke kusafiri pamoja, kama wale wastaafu? Korongo weupe, wanaosifiwa Ulaya kuwa mfano wa ndoa, hawasafiri pamoja. Kila mmoja huondoka na kundi lake, na wakati wa kurudi dume mara nyingi hutangulia kiotani kumngoja jike. Uaminifu wao ni kwa kiota zaidi kuliko kwa mwenzi. Jike mwingine akiwahi kufika, mambo huweza kuchacha. Kerem-kerem wa Ulaya ni wa ukoo zaidi: hutembea kwa vikundi, wakiitana hewani, na waliofungiwa vifaa vya kupima wameonekana kukaa na wenzao wale wale kwa miezi, hata wakipotezana njiani wakakutana tena.

Korongo weupe wana habari nyingine ya siku hizi. Zamani karibu wote walivuka Sahara. Sasa maelfu yao hukatisha safari Hispania na Ureno, wakapitisha msimu mzima kwenye majalala ya taka, wakila mabaki ya nyama na samaki. Yaani wameungana na wale wastaafu. Hawakufuata jua Hispania, maana jua lilikuwapo tangu zamani na hawakusimama. Kilichowasimamisha ni chakula. Nao Umoja wa Ulaya unapoyafunga majalala ya wazi, tutaona kama watakumbuka njia ya zamani.

Kwa mume na mke wenye gari-nyumba wanaotaka kweli kulifuata jua mpaka kwetu, ushauri wangu ni waje wakati ambao hawana haja ya kukimbia kwao. Julai ukanda wa hewa inayopanda uko Sahel na Sudan Kusini. Mvua inanyesha huko, na hewa inashukia upande wetu. Mchana wa Kamina hauna wingu, barabara za udongo zimekauka. Wabebe blanketi, kwa sababu usiku wa Julai watu hapa huvaa makoti. Na wasichelewe mpaka Agosti au Septemba, kwani wakati huo nyasi zinachomwa kila upande, anga linakuwa jeupe kwa moshi na jua la jioni jekundu kama kaa. Hata siku isiyo na wingu, sehemu ya mwanga wake huliwa na moto wetu wenyewe, jambo ambalo hatulisemi vya kutosha.

Mvua zikishaanza Oktoba, gari lenye kitanda na choo halitafika Kabongo, ambako hata malori hulala tope siku kadhaa madereva wakipika kando ya njia. Bahati nzuri Kamina ni njia panda ya reli: watalipakia juu ya behewa na kuketi ndani yake wakisikiliza mvua, wakipelekwa polepole Lubumbashi.