Kwa Nini Mbuni Hukatwa

Mkulima anayeingia shambani na msumeno kukata mibuni iliyo hai huonekana na jirani zake kuwa anaharibu mali. Katika vihamba vya Kilimanjaro, ambako kahawa imelimwa pamoja na migomba tangu mwishoni mwa karne ya 19, imo mibuni iliyorithiwa kutoka kwa babu, na kuikata ni jambo zito. Hata hivyo, maumbile ya mmea wenyewe ndiyo yanayodai msumeno.

Mbuni wa arabika ni kichaka kinachobaki na majani mwaka mzima. Asili yake ni misitu ya nyanda za juu za Ethiopia, ambako huota kivulini chini ya miti mikubwa. Shina lake huenda juu, na matawi ya pembeni huelekea kando. Haya ya pembeni ndiyo yazaayo. Katika kwapa la kila jani la shina hutoka tawi moja tu la namna hiyo. Likikatika halirudi tena. Yanayochipuka mahali pake ni maotea, yanayokwenda juu kama shina. Mwanafunzi aweza kulithibitisha jambo hili kwa vipandikizi: cha otea hukua wima, ilhali cha tawi la pembeni, hata kikitoa mizizi, huendelea kulala kando.

Maua hutoka hasa kwenye pingili zilizokua mwaka uliotangulia, na pingili iliyokwisha kuzaa aghalabu haizai tena. Kwa hiyo mavuno huhama kila mwaka kuelekea ncha za matawi na kileleni, hata mchumaji akahitaji ngazi, na huku chini pamebaki fimbo tupu.

Liko tatizo kubwa zaidi. Mwembe uliobeba kupita uwezo wake huangusha matunda mengi yakiwa bado machanga. Mbuni hauna desturi hiyo. Msituni haukuihitaji, kwani kivulini huchanua kidogo. Ukipandwa juani huchanua mno, kisha hujitahidi kuyalisha matunda yote. Chakula kilichopasa kujenga majani mapya na mizizi huishia katika buni. Majani hugeuka manjano na kudondoka, ncha za matawi hukauka, mizizi myembamba hufa. Wengi hudhani ni ugonjwa, wakanunua dawa, kumbe mti una njaa. Mwaka unaofuata pingili mpya ni chache, na mavuno ni haba.

Kupogoa hupunguza mzigo huo kabla haujabebwa. Kivuli cha kiasi, matandazo na samadi husaidia, lakini havichukui nafasi ya mkasi.

Mbuni uliokwisha kuzeeka hukatwa shina baada ya mavuno, kiasi cha sentimita 30 kutoka ardhini, kwa mshazari ili maji yasituame juu ya kidonda. Ukiwa na mashina kadhaa, moja lenye majani huachwa lilishe mizizi kwa muda. Miongoni mwa maotea mengi yatakayochipuka, mawili au matatu yaliyo imara huchaguliwa, mengine huondolewa. Matunda hurudi baada ya miaka kama miwili, na hapo ndipo penye ugumu, kwani mahitaji ya nyumbani hayangoji. Mwenye kihamba kimoja tu, basi, hukata theluthi ya mibuni yake mwaka huu, theluthi ya pili mwaka ujao, akaendelea kuchuma kwenye iliyobaki.