Baba Ananiita Dalali

Kila Jumapili tunakula kwa wazazi wangu Randburg, na kila Jumapili Baba ananiuliza swali lilelile, kana kwamba nimebadilisha kazi katikati ya wiki. "Mwanangu, hivi wewe unafanya kazi gani hasa?" Nimejaribu majibu yote. Nimesema mahusiano na serikali. Nimesema mambo ya sera. Mwisho nikachoka, nikamwambia ilivyo: makampuni yanatulipa tukaongee na serikali kwa niaba yao. Kanuni mpya ikitoka tunaisoma, tunaandika barua, tunaomba kuonana na wakubwa, tunaeleza mteja wetu anaumia wapi.

Baba akaweka tonge chini. "Kumbe wewe ni dalali."

Mama alicheka sana. Mimi sikucheka, kwa sababu Kiswahili chenyewe hakinisaidii. Kazi yangu inaitwa ushawishi, na neno hilo nililijua kwanza kwenye sala, pale tunapoomba tuepushwe na vishawishi. Mjomba wangu wa Tanga akiniuliza naishije huku, nimwambie nalipwa kushawishi watu?

Basi tulipozungumzia rushwa kwenye kipindi chetu, na mwenzangu akasema kazi hii ipigwe marufuku kabisa, Afrika Kusini na kwingineko, nilijua nitakuja kuandika haya. Mnaosoma mnajua nina maslahi yangu hapa. Pimeni maneno yangu mkilikumbuka hilo.

Tuanze na mji wetu wenyewe. Saxonwold iko karibu na bustani ya wanyama, mitaa ya miti mikubwa na kuta ndefu. Hapo ndipo familia ya Gupta ilipokuwa na makazi yake. Mcebisi Jonas, aliyekuwa Naibu Waziri wa Fedha, aliiambia Tume ya Zondo mwezi Agosti 2018 kwamba Oktoba 2015 alipelekwa kwenye nyumba hiyo, akaambiwa atapewa uwaziri wa fedha, na akaahidiwa randi milioni 600. Alikataa. Akina Gupta walikanusha. Desemba mwaka huohuo waziri aliyekuwepo, Nhlanhla Nene, aliondolewa, Des van Rooyen akakalia kiti siku nne tu, na sote tulioishi hapa tunakumbuka randi ilivyoporomoka wiki ile.

Mwaka uliofuata ikatoka ripoti ya Mlinzi wa Umma, Thuli Madonsela, kuhusu utekaji wa dola. Ripoti ile ilionyesha kuwa simu ya Brian Molefe, mkuu wa Eskom, shirika la umeme, ilikuwa maeneo ya Saxonwold mara 19 kati ya Agosti na Novemba 2015. Alipoulizwa na waandishi wa habari, Molefe alijibu kwamba kuna shebini kule, yaani kilabu cha pombe, mitaa miwili mitatu kutoka kwa Gupta. Nchi nzima ilicheka. Watu walitengeneza hadi fulana za shebini ya Saxonwold. Wenye mji tunajua huwezi kupata hata duka la mkate mtaani kule, sembuse shebini.

Lakini hebu tuache kicheko kidogo. Daftari la wageni hatukuwa nalo. Tulichokuwa nacho ni minara ya simu. Nani alimwona nani, lini, kuhusu mkataba gani, nchi ilikuja kujua kwa sababu simu huacha nyayo na kwa sababu watu wachache walikubali kusema mbele ya jaji. Bila hivyo ingebaki stori za mtaani.

Na hapo ndipo naachana na mwenzangu wa marufuku. Kumwahidi kiongozi fedha ili akupe nchi tayari kulikuwa kosa. Sheria ya kupambana na rushwa ni ya mwaka 2004. Pale Saxonwold hakuna aliyejiita mshawishi. Walikuwa marafiki wa familia, wafanyabiashara, wageni wa chakula. Ukipiga marufuku ushawishi, mtu wa aina hiyo unamkamata kwa kifungu gani? Anaendelea kualika watu chakula cha jioni.

Watakaokamatwa ni wengine. Mnakumbuka Operesheni Safisha ya jiji la Johannesburg mwaka 2013? Ni ile Clean Sweep, iliyowaondoa maelfu ya wachuuzi barabarani katikati ya mji, wenye vibali na wasio navyo. Wengi wetu tuna shangazi au binamu aliyepoteza meza yake siku zile. Ilibidi vyama vya wachuuzi viende hadi Mahakama ya Katiba, na tarehe 5 Desemba 2013 mahakama ikaamuru warudishwe kwenye maeneo yao. Walishinda. Lakini fikiria wiki zile bila kipato, na sikukuu ya Krismasi inakuja. Mwenye duka kubwa akikerwa na kanuni ya jiji hapelekwi mahakamani na njaa. Anampigia mtu kama mimi.

Chama cha wachuuzi kikienda kumwona diwani kueleza shida zao, huo nao ni ushawishi. Wagonjwa wa UKIMWI waliokuwa TAC waliposumbua serikali mpaka dawa za kuwakinga watoto zikatolewa, kwa amri ya mahakama hiyohiyo mwaka 2002, nao walikuwa wanashawishi. Katiba ya hapa, kifungu cha 17, inampa kila mtu haki ya kuandamana na kupeleka maombi. Marufuku itaanzia kwao, kwa sababu wao hufanya mambo yao barabarani, mchana, na mabango.

Nilimweleza Baba haya yote. Akasikiliza, akaniambia, "Kwetu walijaribu kuibatiza jina zuri." Akanikumbusha takrima. Mwaka 2000 Bunge la Tanzania lilirekebisha sheria ya uchaguzi, likasema ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, ule wa kimila na wa nia njema, usihesabiwe kuwa rushwa. Yaani pilau, soda, labda na kanga. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzake wakaenda Mahakama Kuu, na mwaka 2006 vifungu hivyo vikafutwa. Hoja mojawapo ilikuwa wazi kabisa: takrima inambagua mgombea asiye na kitu. Kukarimu wote tumefundishwa. Lakini sufuria kubwa anayo mwenye pesa.

Hiyo ndiyo sehemu ya hoja ya marufuku ambayo siwezi kuikwepa. Wateja wangu wana sufuria kubwa.

Kwa hiyo nataka nini? Nataka kitu kama walichofanya Ireland. Tangu 2015 anayeshawishi kule lazima ajisajili, na kila baada ya miezi minne aandike amemwona kiongozi gani na kuhusu nini. Mtu yeyote anafungua mtandao anasoma, bure. Hapa kwetu sheria ya namna hiyo hakuna. Tuna sheria ya fedha za vyama, iliyoanza kazi Aprili 2021: mchango unaozidi randi 100,000 kwa mwaka ulipaswa kutangazwa. Mwaka 2025 kiwango hicho kikapandishwa hadi 200,000. Yaani giza likaongezwa kidogo, na mjadala ukaisha.

Daftari halizuii mwizi, najua. Mwizi ataandika "kikao cha kawaida". Lakini angalau mchuuzi wa Yeoville angeweza kuona kwamba kabla ya kanuni inayomwondoa, kampuni fulani ilikaa na idara mara sita, na chama chake hakikuitwa hata mara moja. Angekuwa na cha kushika mkononi.

Baba alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu, kama kawaida yake, "Sasa wewe unangoja sheria? Si uandike mwenyewe?"

Nikaandika. Nilinunua daftari la kawaida tu, nikajaza miezi mitatu ya kazi: tarehe, nani, wapi, kuhusu nini. Vikao kumi na saba. Nilijivunia sana, kusema kweli, kwa sababu vingi ni vya kuchosha: mtu na kompyuta yake, chai ya ofisi, kurasa za maoni. Nilipofika cha kumi na mbili kalamu ikasita. Kilikuwa mgahawani, Rosebank, usiku, na ofisa wa idara ambayo siitaji, wiki mbili kabla kanuni moja haijatangazwa. Hatukuzungumza lolote la siri. Nadhani. Niliandika "chakula cha jioni, mazungumzo ya jumla."

Jumapili nikampelekea Baba. Alivaa miwani, akasoma ukurasa baada ya ukurasa bila kusema neno, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Kwenye cha kumi na mbili kidole kikasimama.

"Hapa nani alilipa?"

Nikamwambia sisi.

Akalifunga daftari, akanirudishia, akamwomba Mama ampe pilipili.